Nairobi ni hapo tu

Saa tano na dakika kumi asubuhi tulikuwa Kitengela, nje kidogo ya Nairobi, nyuma ya lori la saruji, na tembo walikuwa wameshaanza kunywa maziwa bila sisi. Ndani ya gari hakuna aliyesema kitu. Mwekahazina, aliyekaa mbele, aligeuka akatuangalia mmoja mmoja, kisha akarudisha macho barabarani. Siku ile tuliona mengi, ila nikifumba macho huo ndio uso unaonijia, na ndio ulionifanya nikichambue kisa hiki kama ninavyochambua safari ya wageni iliyoharibika kazini.

Kazi yangu ni kupanga ratiba katika kampuni ya utalii hapa Arusha. Mgeni akitua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, usiku, mimi ndiye niliyeshaamua atalala wapi, ataamka saa ngapi na lanchi boksi yake ataifungulia wapi. Tulikwenda Nairobi watu sita, na watatu kati yetu tunakula kwa utalii: mimi, Dereva ambaye amepeleka wageni Serengeti miaka kumi na tano, na Mpishi wa mlimani, mzaliwa wa Marangu. Wengine ni Mwekahazina, ambaye ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi. Mwalimu wa historia wa sekondari. Na Fundi, dada anayeshona magauni Kaloleni. Nawaita kwa kazi zao kwa sababu majina hayaongezi kitu, na kwa sababu ni kazi zetu sisi watatu wa kwanza zinazokifanya kisa hiki kiwe cha aibu. Mganga hajigangi, sawa. Lakini mganga angalau anajua dawa ipo kwenye kibuyu kipi.

Kwa mtu wa Arusha mji mkuu wa karibu si Dodoma. Ukipita Babati na Kondoa, Dodoma ni zaidi ya kilomita 400. Nairobi ni kama 270, lami mwanzo mwisho: 110 hivi mpaka Namanga, zilizobaki ng'ambo. Ukizoea kuona magari ya Namanga yakipita Sakina na Ngaramtoni kila siku, unaanza kudhani Nairobi ni kata nyingine ya Arusha. Mwalimu anapenda kutukumbusha kwamba Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka huu ulifungwa, na ukabaki hivyo hadi Novemba 1983. Wazazi wetu walikuwa na ndugu ng'ambo waliowasikia kwa barua tu. Sisi tumekulia upande wa pili wa hadithi hiyo. Mkataba wa Jumuiya mpya ulisainiwa hapahapa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, makao makuu yako hapahapa, na mpaka tunauona kama kizuizi cha mazao: unasimama, unaonyesha karatasi, unaendelea.

Kikao cha mwisho kilikuwa Alhamisi jioni, nusu ana kwa ana, nusu kwa sauti za WhatsApp. Baadaye nilizisikiliza upya sauti zile. "Nairobi ni hapo tu" imesemwa mara nne na watu watatu tofauti. Mara mbili ni mimi.

Kila mtu alikuja na lake. Mwekahazina alitaka tembo yatima wa Sheldrick, kituo kilichomo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, cha shirika lililoanzishwa na Daphne Sheldrick mwaka 1977. Amezaliwa Dar es Salaam, amekaa Arusha miaka tisa, hajawahi kuona tembo hai. Mwalimu alitaka Makumbusho ya Taifa, akaonane na Mvulana wa Turkana, yale mabaki ya mtu wa kale ambayo Kamoya Kimeu aliyabaini mwaka 1984 magharibi mwa Ziwa Turkana. Mpishi alitaka kupanda juu ya KICC, lile jumba refu la mikutano katikati ya mji. Fundi alitaka vitambaa vya Eastleigh. Mimi nilitaka twiga wa Lang'ata, wale wanaokulia mkononi. Dereva alitaka nyama choma, na alisema wazi kwamba mengine yote ni ya kupitisha muda mpaka nyama iive.

Hapo nilipaswa kusimama. Mgeni akiniletea orodha ya namna hiyo kwa siku moja, namwambia kwa upole achague viwili. Kazini nina neno langu: msumari. Msumari ni jambo lenye saa yake lisilokusubiri, kama geti la hifadhi linalofungwa au ndege ya kurudi. Siku moja inabeba msumari mmoja, na kabla ya msumari unaacha saa mbili tupu za kumeza pancha, tumbo la mgeni na mvua. Hii si elimu kubwa, hata kijana aliyeanza juzi ofisini anaijua.

Msumari wetu ulikuwa tembo. Kituo kile kinapokea watu wa kawaida saa moja tu kwa siku, saa tano hadi saa sita mchana, na nafasi unaiweka mapema. Tuliiweka wiki mbili kabla. Halafu mimi, mwenye neno langu la msumari, nikauchomeka saa tano asubuhi, na kabla yake nikaweka kilomita 270, mpaka wa nchi na foleni ya Nairobi. Kwenye karatasi ilionekana hivi: Arusha saa kumi na moja alfajiri, Namanga saa moja kasoro, ng'ambo saa moja na nusu, getini kwa tembo saa nne na nusu. Dakika thelathini za ziada. Nilijisikia fundi.

Tuliondoka saa kumi na mbili kasoro robo, kwa sababu Fundi alikuwa anamalizia gauni la bibi harusi na alitoka nyumbani na sindano bado imechomekwa kifuani. Hilo lilikula akiba yote. Sikulisema. Ndani ya Noah watu walikuwa wanacheka, Dereva amevaa kofia yake ya likizo, na tulipomwomba akae mbele asimamie mambo alijibu, "Leo mimi mgeni. Niamsheni tukifika."

Sentensi hiyo nitairudia.

Longido ilipita na baridi yake. Namanga tulishuka saa moja na nusu, na hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo likisikika kazini nitachekwa mpaka nistaafu. Kituo cha pamoja cha mpakani pale, ambacho marais Magufuli na Uhuru Kenyatta walikizindua Desemba 2018, kina kanuni rahisi: mambo yote unayamalizia kwenye nchi unayoingia. Ukienda Kenya hupangi foleni kwenye jengo la Tanzania. Unalipita, unavuka, na ndani ya jengo la Kenya unakuta uhamiaji wa kwetu wanakugongea muhuri wa kutoka na wa kwao wanakugongea wa kuingia, dirisha kwa dirisha. Dereva anajua hilo akiwa usingizini. Lakini Dereva alikuwa mgeni, na alikuwa amekwenda kubadilisha pesa. Sisi watano tukaona jengo kubwa lenye bendera yetu, tukajipanga nyuma ya kikundi cha wazungu wenye mabegi mgongoni.

Dakika ishirini na tano. Tulipofika mbele, yule afisa aliziangalia pasipoti zetu, akatuangalia sisi, akauliza, "Mama, mnaingia au mnatoka?"

"Tunatoka."

"Sasa hapa ni kwa wanaoingia. Vukeni ng'ambo."

Alisema kwa adabu kabisa. Ingekuwa nafuu angetufokea.

Ng'ambo foleni ilikuwa fupi, ila Mpishi hakuwa na kadi yake ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Alikuwa nayo, lakini kwenye begi la mlimani, na begi la mlimani lilikuwa Moshi kwa mkewe. Simu, picha, picha imetoka na ukungu, picha nyingine, maelezo, kusubiri. Mambo ya afya mpakani sina ugomvi nayo. Ila kila mgeni wangu hupokea barua yenye mstari unaosema "kadi ya chanjo iwe kwenye begi la mkononi", na mstari huo niliuandika mimi. Wenzangu sikuwaandikia chochote. Nani anamwandikia rafiki barua?

Tulipata matatu saa tatu na robo, ikasubiri kujaa. Kondakta alitusikiliza tukiomba nafasi, "samahani kaka, tunaomba kukaa pamoja kama inawezekana," akacheka: "Nyinyi ni wa TZ, ama? Mnaongea kama redio." Tulikaa mbalimbali. Kajiado, Isinya, kisha Kitengela na lori la saruji, na hapo nilipoanzia.

Mjini tulishuka saa sita na nusu. Nafasi ya tembo ilikuwa imekwenda na hakuna wa kulaumiwa zaidi yetu.

Sasa tazama kilichofuata, kwa sababu kwangu ndicho kiini cha kisa, kuliko hata huo ucheleweshaji. Msumari umeng'oka, siku imekuwa huru. Zimebaki saa kama sita za mwanga. Mtu mwenye akili tulivu angegawanya mara moja: mambo ya katikati ya mji tunayafanya, mambo ya Lang'ata tunayaacha. Sisi tulisimama kwenye kona, mabegi mbele ya kifua kama tulivyoonywa, tukajadiliana dakika arobaini. Nilipigania twiga. Naandika hili kwa sababu uchambuzi unaoficha makosa ya mchambuzi ni tangazo la biashara. Twiga wako Lang'ata, kulekule kwa tembo, upande mwingine wa mji, na nilikuwa nabishana kama mtu asiyewahi kuona ramani. Mwalimu alisema tupige kura. Tulipiga, tukapata tatu kwa tatu.

Hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kukata. Kwenye safari ya wageni neno la mwisho ni la dereva. Wageni saba wabishane wanavyotaka kuhusu simba au kiboko, dereva akisema "tunarudi kambini," gari linarudi. Wageni huona ni ukali. Ukweli ni kwamba mtu mmoja asiyefuata matamanio yake ndiye anayewapa wengine nafasi ya kuyafurahia ya kwao. Mtu huyo tulikuwa naye, mwenye uzoefu wa miaka kumi na tano, na tulimruhusu alale. Tukawa na viongozi watano na orodha sita.

Tukagawanyika. Fundi alikwenda Eastleigh na Dereva akamsindikiza kwa ahadi ya nyama. Sisi wanne tukaelekea KICC. Tukutane saa kumi na moja Archives, tulisema, kama wanavyoliita wenyeji jengo la nyaraka za taifa, kwa sanamu ya Tom Mboya, yule mwanasiasa wa Kenya. Laini ya Kenya alikuwa ameinunua Mwekahazina peke yake. Hilo nalo liweke kwenye hesabu.

KICC ilikamilika mwaka 1973, ghorofa 28, mita 105, na ukifika juu, kwenye uwanja wa helikopta, unaelewa kwa nini Mpishi aliing'ang'ania. Huku bunge na Uhuru Park, kule hifadhi ya taifa, kilomita za mraba 117 za nyika zilizoanza kulindwa mwaka 1946, na reli ya kisasa inaikata juu ya nguzo ndefu kama meza isiyoisha. Mwekahazina aliiangalia hifadhi muda mrefu. Nilijua anatafuta nini. Mpishi yeye alikuwa kusini, mkono juu ya paji la uso, akitafuta Kilimanjaro. Ilikuwa Julai, mawingu mpaka chini. "Upo pale," alisema akionyesha kijivu kitupu, na tulipiga picha na kijivu hicho.

Kutoka pale tukatembea bila mpango kuelekea Moi Avenue, na kwenye kona ya Haile Selassie Mwalimu akasimama. Haikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Ni bustani ndogo ya kumbukumbu ya tarehe 7 Agosti, mahali ulipokuwa ubalozi wa Marekani mwaka 1998. Tuliingia kwa sababu tulikuwa na muda na miguu inauma.

Watu 213 walikufa Nairobi asubuhi ile ya Ijumaa. Majina yako ukutani, na ukianza kuyasoma unakuta hayaishi: ya Kikuyu, ya Kijaluo, ya Kikamba, ya kizungu kidogo. Wengi hawakuwa na uhusiano wowote na ubalozi. Jengo la jirani, Ufundi, liliporomoka na waliokuwamo. Kelele za matatu zipo mita chache nyuma yako na ndani watu wanakaa kwenye nyasi wakipumzika mchana. Mwekahazina, aliyekuwa hajasema maneno kumi tangu Kitengela, alisimama mbele ya ukuta akasema, "Mimi nilikuwa darasa la tatu. Madirisha yalilia."

Dakika zilezile, siku ileile, bomu lingine lililipuka kwenye ubalozi wa Dar es Salaam, barabara ya Laibon, na kuua watu 11. Yeye alikuwa anasoma shule isiyo mbali na pale. Alitusimulia: mwalimu alidhani ni mtungi wa gesi, akawaambia waendelee kuandika, na wakaendelea kuandika, hesabu za kugawanya, na kioo kimoja kina ufa ambao haujakuwapo asubuhi. Miaka yote tunayofahamiana hajawahi kulisema. Tulikaa pale karibu saa nzima. Mwalimu hakufundisha chochote, na ukimjua Mwalimu hilo ni jambo la kuandikwa.

Saa kumi na moja tulikuwa Archives. Fundi na Dereva hawakuwapo. Saa kumi na moja na nusu, hawapo. Simu zao zilikuwa na laini za nyumbani ambazo hazikushika mtandao. Mboya alipigwa risasi mtaa huohuo tarehe 5 Julai 1969, na Mwalimu, roho yake ikiwa imerudi, alitueleza habari za ndege zilizopeleka wanafunzi Marekani kuanzia 1959, huku mimi nikihesabu matatu za mwisho za Namanga kichwani. Walitokea saa kumi na mbili na dakika kumi, wamenaswa kwenye foleni ya Pangani, Fundi amebeba mzigo wa vitambaa mkubwa kuliko yeye. Dereva alikuwa amekula nyama. Ndiye mtu pekee aliyetimiza orodha yake.

Kurudi hakuna la kusema sana. Namanga saa nne usiku, mpaka unafanya kazi usiku na mchana, na safari hii tulikwenda kwenye jengo sahihi: dakika kumi na mbili watu wote. Noah ilibidi tuikodi nzima. Dereva alikaa mbele bila kuombwa, na kuanzia pale kila kitu kikaenda kwa saa yake. Nililiona hilo nikalinyamazia. Oldonyo Sambu baridi ilikuwa inapita chini ya mlango.

Nikiandika ripoti ya ofisini ningeacha foleni, mpaka na gauni la bibi harusi kama mambo ya kawaida ambayo ratiba inapaswa kuyameza. Ningeandika kwamba mpangaji aliweka jambo lenye saa yake mwisho wa njia ndefu. Dawa yake ilikuwa rahisi: kuondoka Ijumaa jioni na kulala Kitengela kwenye gesti, au kuwaacha tembo kabisa na kumwambia Mwekahazina hivyo usoni, Alhamisi. Ningeandika pia kwamba kundi halikumpa mtu mmoja kazi ya kukata maneno, na lilikuwa naye. Kwamba wenye ujuzi walidhani ujuzi wao ni wa kuuza tu.

Mwalimu ameusoma uchambuzi huu na hakubaliani nao. Anasema tungewahi tembo tusingesimama kwenye ule ukuta, na Mwekahazina angeendelea kubeba lile dirisha peke yake. Kuhusu ukuta yuko sahihi. Lakini namuuliza: ungekuwa ni wewe uliyelipia nafasi, na umekaa miaka tisa ukisubiri, ungelisema hilo Kitengela?

Mwekahazina alifunga hesabu Jumatatu. Zilibaki shilingi 1,150 za Kenya, na kila mtu alimwambia azibadilishe anunue soda. Amezitia kwenye bahasha, ameandika "tembo" kwa kalamu nyekundu, na bahasha iko kwenye droo ya dukani, nimeiona. Dereva, kwa aibu nadhani, alimwambia achague Jumapili yoyote atampeleka Tarangire bure. Ni kilomita 120 kutoka hapa, na kule tembo unawahesabu mpaka unachoka.

"Wale wakubwa," akamjibu. "Mimi nataka wanaonyonya chupa."